Mnaziitaje programu zenu? Nataka ubao wa bei ambao mteja ataucheka na kuuelewa

fundi_wa_mpakani (Busia, Uganda)

Habari za humu ndani, wakubwa kwa wadogo.

Mimi ni fundi kompyuta hapa Busia upande wa Uganda, karibu na forodha kiasi kwamba nasikia honi za malori nikiwa nimeinama na bisibisi. Kazi yangu ndiyo ile mnayoijua: kupiga Windows, kufomati, kufufua hadiski iliyodondoka, kutoa virusi kwenye fleshi za walimu. Walimu ndio wafalme wa virusi, hilo lijulikane, hasa msimu wa kuchapa mitihani.

Shida yangu ni ubao wa bei. Ule nilionao umeandikwa Kizungu kitupu na sijaona mteja akiusoma. Mtu anaingia, anaupita kama kalenda ya mwaka juzi, kisha ananieleza ugonjwa kwa maneno yake. Na maneno yao, banange, ni matamu kuliko ubao.

Nina mteja mmoja mwanajeshi mstaafu, afande hasa, Kiswahili chake alikipata kambini na hajakivua pamoja na sare. Ana laptopu nyeusi nzito, herufi za A na E zimefutika kwenye vitufe kwa sababu anaandika kumbukumbu za maisha yake kila asubuhi. Siku moja akaiweka mezani kwangu akasema, "Fundi, mashine inapiga kwata." Nikadhani imeanguka. Akaifungua, akabofya faili, kile kiduara cha kusubiri kikaanza kuzunguka. Akakinyooshea kidole. "Unaona? Kushoto, kulia, kushoto, kulia. Miguu inanyanyuka, vumbi linatimka, mtu hajatoka hapo alipo."

Tangu hapo dukani kwangu hakuna kompyuta inayoganda. Zote zinapiga kwata.

Huyo afande ameziandikisha jeshini programu zote. Antivirusi ya bure ni kuruta: usiku kucha inapiga kelele, na mwenye nyumba akirudi inamkamata yeye. Masasisho ya Windows, yale yanayokufikia katikati ya kazi, ni amri kutoka makao makuu: haiombi, haielezi, na ukiuliza sababu umeasi. Skrini ya bluu, ile inayotokea Windows ikizimia ghafla, ikija anasimama wima. "Huyo ameanguka. Tumpe heshima yake."

Kuna pia mama mwenye duka la kuchapisha mtaa wa pili. Kwake faili la Word ni udongo na PDF ni jiwe. Ananitumia ujumbe: "Fundi, mteja ameniletea jiwe na anataka nibadilishe tarehe. Nigeuzie liwe udongo." Nimeshindwa kumpata mwalimu wa kompyuta aliyewahi kunieleza tofauti ya vitu hivyo viwili kwa ufupi huo.

Kwa simu tulishamaliza kazi zamani. Ile ndogo ya vitufe yenye tochi, sisi Uganda ni katochi. Mkenya pale ng'ambo anaiita kabambe au mulika mwizi, Mtanzania kitochi. Simu inavuka mpaka asubuhi na jina jingine, jioni inarudi na la kwake. Sasa programu mbona tumeziacha na majina ya ubatizo?

Swali langu: hao waliozitengeneza wanaziita nini wakiwa wamenuna? Nimewahi kuona mtu ameandika Micro$oft kwa alama ya dola, na mwingine Windoze kwa z. Nataka kujua zimetoka wapi. Na ninyi mnaziitaje kazini, darasani, mtaani? Matusi matupu sitaki. Nataka jina ambalo mteja akilitamka mlangoni, najua nichukue bisibisi au fleshi.

---

mzee_wa_disketi (Jinja)

Fundi, umewaita wazee nasi tumeitika. Mimi nilianza kazi hizi enzi disketi inabeba megabaiti 1.44, na ukiisahau dirishani juani basi umezika barua ya bosi.

Nianze na dola yako. Ukiwahi kuandika BASIC, ile lugha ya kuandikia programu, ile alama inachekesha mara mbili. Bidhaa ya kwanza ya Microsoft, mwaka 1975, ilikuwa BASIC ya kompyuta iliyoitwa Altair. Katika lugha ile, jina la kigeu (kisanduku cha kutunzia data) kinachobeba maandishi huishia na alama ya dola: A$, B$. Februari 1976 Bill Gates akawaandikia barua ya wazi wapenzi wa kompyuta wa Marekani akilalamika kwamba wengi wao wanaiba programu yake kwa kuinakili. Wao walizoea kupeana programu kama watu wanavyopeana mbegu, na kijana wa miaka 20 anawaita wezi. Kwa hiyo ile dola inaicheka lugha aliyouza na pesa aliyodai, zote kwa alama moja.

Windoze ni rahisi zaidi. Kwa Kiingereza doze ni kusinzia. Internet Explorer, kivinjari cha Microsoft (programu ya kufungulia tovuti), nayo wakaigeuza Internet Exploder, yaani mlipukaji. Hiyo ilipostaafishwa Juni 2022, mhandisi mmoja wa Korea Kusini aliichongea jiwe la kaburi kwa pesa zake na kuliweka kwenye mkahawa wa ndugu yake katika mji wa Gyeongju. Maandishi ya kaburini yanasema ilikuwa chombo kizuri cha kupakulia vivinjari vingine. Nimehudhuria mazishi mengi Busoga, sijasikia risala fupi na ya kweli namna hiyo.

IBM, kampuni kongwe ya kompyuta, wanaitwa Big Blue, Jibuluu, na hilo ni jina la heshima. Ndiyo maana kompyuta yao iliyomshinda bingwa wa dunia Garry Kasparov kwenye sataranji mwaka 1997 iliitwa Deep Blue. Utani mkali ulitoka ndani: kampuni ilikuwa ikiwahamishahamisha watu wake mno, hata wakasema herufi zile ni kifupi cha I've Been Moved, "nimehamishwa". Polisi na walimu wa serikali waliomo humu hawahitaji maelezo zaidi.

Sasa Intel, watengeneza chipu, ule ubongo wa kompyuta. Jina lake la mtaani ni Chipzilla, chipu iliyochanganywa na lile dude la filamu za Kijapani, Godzilla. Lakini utani uliowauma ni wa 1994. Chipu ya Pentium ilikuwa na kasoro: kuna namba ukizigawanya, jibu linakuja na makosa kidogo baada ya nukta. Aliyeigundua alikuwa mwalimu wa hisabati wa chuo, Thomas Nicely. Kampuni kwanza ikasema ni jambo dogo, watu wa kawaida hawatalihisi. Watu wa kawaida wakakasirika, na mwishowe ikabidi wabadilishie kila anayetaka. Hasara iliyotangazwa ilikuwa dola milioni 475. Wakati huo chipu zilikuwa zimetoka kuitwa 286, 386, 486, na kampuni ilihamia kwenye jina Pentium kwa kuwa namba tupu haisajiliki kama alama ya biashara. Wachekeshaji wakatoa sababu yao: eti walijumlisha 100 kwenye 486 wakapata 585.99999.

Utani huo unanifurahisha kuliko yote kwa sababu una hesabu ya kosa ndani yake. Ni kama ule wa Emacs, programu ya kuandikia msimbo, ambayo wapinzani wake walisema jina lake ni kifupi cha Eight Megabytes And Constantly Swapping: megabaiti nane na bado inahangaika kuhamisha kumbukumbu kwenye diski. Picha moja ya simu ya mjukuu wangu inakula megabaiti hizo na hakuna anayeshtuka. Solaris, mfumo wa kuendeshea kompyuta wa kampuni ya Sun, ikawa Slowaris, slow ikiwa ni polepole. Hapo fundi huulizi tena shida ni nini.

Na kwa yule afande wako, mpe salamu. Wajerumani walishamfikia. Kwao kuna kampuni kubwa ya programu za biashara, SAP, iliyoanzishwa 1972 na watu watano waliotoka IBM. Utani wa maofisini Ujerumani unasema SAP ni Sanduhr-Anzeige-Programm, programu ya kuonyesha saa ya mchanga. Ile saa ya mchanga ndiyo iliyokuwapo kabla ya kiduara. Kwata ni kwata, Busia au Berlin.

---

binti_wa_bombo (Kampala)

Mzee, shikamoo. Umenichekesha na mazishi mpaka darasa zima limegeuka. Nafundisha kompyuta sekondari hapa mjini, na wanafunzi wangu wanadhani nasahihisha kazi zao.

Kaka fundi, umesahau kwamba mara nyingine jina la utani ndilo linalobaki. Mwaka 1994 wahandisi wa Netscape walikuwa wanatengeneza kivinjari cha kukiua kile kilichotamba wakati huo, Mosaic. Wakiwa wenyewe kwa wenyewe wakakiita Mozilla: Mosaic na Godzilla tena, naona Wamarekani wana dude moja tu. Netscape ilikufa, jina likaishi, na leo ni shirika linalotengeneza Firefox. Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba mpaka leo kivinjari kama Chrome au Safari kikifika kwenye tovuti yoyote hujitambulisha kwa seva (kompyuta inayotunza tovuti) kwa neno "Mozilla". Ni desturi ya zamani, kuna wakati seva ziliwapa wasio na jina hilo kurasa pungufu, hivyo kila mgeni akajifunza kulitaja mlangoni. Nikiwaeleza wanafunzi wanasema, "Mwalimu, kumbe hata Chrome ina kitambulisho cha Nasser Road!" Msio wa Kampala, Nasser Road ndiko tunakochapishia kila kitu, halali na kile kingine.

Apple nao wana kesi yao, na hii inafika mahakamani kweli. Kompyuta yao moja ya 1994, Power Macintosh 7100, ilipokuwa bado jikoni wahandisi waliipa jina la siri Carl Sagan, yule mwanafalaki maarufu. Sagan akasikia, akaona jina lake litadhaniwa ni tangazo, akalalamika. Wahandisi wakalibadilisha kuwa BHA. Herufi hizo zilikuwa Butt-Head Astronomer, mwanafalaki bwege. Sagan akashitaki, akashindwa, na 1995 wakamalizana nje ya mahakama. Wakati huo wahandisi walikuwa wameshaliita LAW: Lawyers Are Wimps, mawakili ni waoga. Nawaambia wanafunzi wangu kwamba hao wahandisi ndio mfano wa watu walioshinda kesi lakini wakashindwa kunyamaza.

Halafu kuna huu unaotuhusu sisi kwa damu. Mnajua Ubuntu, ule mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, wa jamii ya Linux, uliotoka Oktoba 2004 ukifadhiliwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Kwa miaka kadhaa walikuwa wanatuma sidii bure kwa posta popote duniani, mpaka 2011 walipoacha. Sidii zile zilikuwa na picha ya watu wameshikana mikono. Sasa wajuzi wa Linux, wale wanaotumia Debian ambayo Ubuntu imejengwa juu yake, wakatunga utani: "Ubuntu ni neno la kale la Kiafrika lenye maana ya 'nimeshindwa kusanidi Debian'." Dunia nzima inacheka. Mimi ninayeishi na Waganda wanaosema obuntubulamu, yaani utu, kila wakimkemea mtoto asiyesalimia wageni, nacheka pia, ila kwa jicho moja.

Na usiseme Wazungu tu, kaka. Microsoft kwa Kichina ni Weiruan, na maana yake neno kwa neno ni dogo-laini. Wachina wenye utani wakapindua kila kipande: Juying, kubwa-gumu. Hilo nalipa alama zote.

Kwetu Uganda sisi hatukutunga, tulipokea kifupi cha wataalamu tukakihamisha. Julai 2018 ilipoanza ile kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa anayetumia mitandao ya kijamii, sheria ilizungumzia huduma za OTT, yaani zile zinazopita juu ya mtandao wa simu kama WhatsApp. Muda si muda OTT si huduma tena, ni kodi. "Umelipa OTT?" "Niazime OTT." Kodi yenyewe ilifutwa 2021 ikaja ya asilimia 12 kwenye data, lakini mama yangu Bombo bado akiona WhatsApp inasuasua anauliza kama OTT imerudi. VPN, ile njia ya kuficha unakotokea ili ufungue kilichofungwa, ndiyo usiseme. Facebook ilipofungwa Januari 2021, neno la watu wa mitambo likazidi kuwa la sokoni. Mama muuza nyanya anakwambia, "Subiri niwashe VPN," huku anakuhesabia chenji.

---

mpondwe_kasese (Kasese)

Huku tunavuka na Kongo kila siku kwa hiyo nawaletea ya Kifaransa. Windaube, yaani Windows na daube. Daube ni nyama iliyochemshwa kwenye mvinyo mpaka ikalainika, lakini kwa lugha ya mtaani ni kitu kibovu, takataka. Nimeisikia kwa fundi mmoja wa ng'ambo akimwambia mteja kwa upole kabisa, kama daktari, "Madame, c'est Windaube," na madame akaitikia kwa kichwa na kulipa.

Ya kwangu mwenyewe: faili la zipu, lile linalobana mafaili mengi pamoja, mimi naliita gunia. "Fungua gunia." Wote wanaelewa, hata wale wa kahawa.

---

sina_mbwembwe (Kampala)

Nimesoma yote na nitakuwa mchawi wenu wa leo. Nasimamia mtandao wa ofisi, na kwa uzoefu wangu mtu anayeandika M$ kwenye barua pepe ya kazi ndiye huyo huyo ambaye hajui nywila yake. Jina la utani linampa mtu hisia kwamba ameelewa kitu.

Mfano wenye uzito. Tarehe 19 Julai 2024 kompyuta karibu milioni 8.5 za Windows ziliangukia skrini ya bluu duniani kwa siku moja. Viwanja vya ndege, hospitali, benki. Simu yangu ilijaa ujumbe: "Windoze imekufa tena." Haikuwa Windows iliyokosea. Ilikuwa sasisho bovu la programu ya usalama ya kampuni ya CrowdStrike, ambayo hukaa ndani kabisa ya mfumo, na ikiteleza pale inaondoka na kompyuta nzima. Ukiwa na jina moja tamu mdomoni, utampiga aliye karibu. Baadaye ndipo wachekeshaji wakapata anwani sahihi wakaandika ClownStrike. Watu wa mitambo walikuwa bado wanapita kompyuta moja moja kwa mkono kufuta lile faili.

Kwa hiyo fundi, "kwata" ya afande wako ni nzuri kwa masimulizi. Kwa ubao wa bei ni mtego. Kiduara kinazunguka kwa sababu ngapi?

---

mzee_wa_disketi (Jinja)

Kijana, ya skrini ya bluu una haki, lakini usiisafishe Windows mpaka ing'ae. Aprili 1998, kwenye maonyesho ya kompyuta ya COMDEX mjini Chicago, walikuwa wanaionyesha Windows 98 jukwaani, Bill Gates mwenyewe akiwapo. Msaidizi akachomeka skana. Bluu. Ukumbi mzima ukapasuka kwa kicheko. Gates akasema, kwa maana hiyo hiyo, kwamba ndiyo sababu bado hawajaanza kuiuza. Alicheka na watu, nikampa heshima yake siku ile. Ila bluu ilikuwa ya kwake.

---

fundi_wa_mpakani (Busia, Uganda)

Mmenipa mchana mzuri. Mzee, ile ya 585.99999 nimemsomea mwenye duka la vipuri jirani, hajui Pentium wala Godzilla, lakini anajua chenji iliyopungua, na amecheka mpaka akakaa.

sina_mbwembwe, umenigusa mahali. Baada ya kusoma ulichoandika nikaitoa laptopu ya afande rafuni, maana ameniachia tena wiki hii. Kwata ile ile. Nikaiwasha nikaiwekea sikio upande wa hadiski: tik, kimya, tik, tik. Hiyo si Windows, ni diski inayoaga. Jirani yake kuna ya bwana mmoja wa forodha, nayo kwata, lakini ndani yake kuna antivirusi mbili za bure zimefungiwa chumba kimoja, kila moja inamshuku mwenzake. Ya tatu ni ya mwanafunzi, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya gigabaiti 2 na amefungua kurasa za Chrome mpaka majina yake hayasomeki juu. Kiduara kimoja, magonjwa matatu, bei tatu.

Lakini sikubali kwamba jina ni la kutupwa. Mtu akifika kwa daktari akisema "nina homa", daktari hamfukuzi kwamba homa si jina la ugonjwa. Anamtoboa kidole apime malaria. Kwata ni homa yangu. Nimepata mlango wa kuanzia maswali, na mteja hajisikii mjinga kwa kushindwa kutamka Kizungu. Windoze naiacha, hiyo kweli ni ya kununa tu. Ukisema Windows inasinzia sijapata cha kupima. Jibuluu naiacha, ni sifa. "Jiwe kuwa udongo" inaingia ubaoni kama ilivyo, maana hapo jina na kazi ni kitu kimoja. Gunia la Kasese linaingia pia, naomba ruhusa.

Rasimu, semeni kama kuna mahali nimepotoka:

Mashine inapiga kwata: kupima 10,000, tiba tutaelewana baada ya kipimo
Kumfundisha kazi kuruta au kumwachisha jeshi: 15,000
Jiwe kuwa udongo: 1,000 kwa ukurasa, jiwe la picha ni ghali zaidi kwa kuwa naandika upya
Kufungua gunia lililokwama: 5,000
Ameanguka, bluu: leta kwanza, usizime na kuwasha zaidi

Hiyo ya mwisho nimeiachia bei wazi makusudi. Watu wengi mashine ikianguka wanaiwasha na kuizima mpaka ile diski iliyokuwa na uhai kidogo inamaliza wosia wake. Nikiweka bei wataogopa, watajaribu wenyewe nyumbani.

Amri kutoka makao makuu nimeshindwa kuiwekea bei. Mteja anataka niizime kabisa. Nikiizima, mwezi ujao anarudi na virusi. Nikiiacha, inakula data yake ya wiki kwa usiku mmoja. Kwa sasa naiwekea Windows alama kwamba intaneti ya simu yake inalipiwa kwa kipimo, ili mengi ya masasisho yasubiri mpaka apate Wi-Fi. Kwenye Windows 10 iko kwenye mipangilio ya mtandao ule uliounganishwa. Lakini hiyo siyo huduma ya kuandika ubaoni, ni maongezi.

---

binti_wa_bombo (Kampala)

"Kumwachisha jeshi" naiiba, kesho iko darasani.

Ubao uko sawa, ila hapo kwenye jiwe la picha eleza kwa mdomo pia. Wateja wengi hawajui kwamba karatasi iliyopigwa skani ni picha ya maneno na haina maneno ndani. Watadhani umepandisha bei kwa sababu wamevaa tai.

Halafu wote mmesahau printa! Ile inayosema haina karatasi huku imelalia rimu nzima. Tunaiitaje?

---

mpondwe_kasese (Kasese)

Hiyo kwetu ni Mgeni wa Jioni. Ameshakula nyumba tatu, akifika kwako anasema tangu asubuhi hajatia kitu tumboni.

---

sina_mbwembwe (Kampala)

Printa ni printa. Toa karatasi, zipepee, zirudishe. Na safisheni ule mpira wa kuvutia karatasi kwa kitambaa chenye maji kidogo, vumbi la Kampala limeujaa.